Kwa nini mpiga ngoma hodari wa Ulaya hupotea akifika Ghana

Kila mwaka nchi ya Waewe, kusini-mashariki mwa Ghana kuelekea mpaka wa Togo, hupokea wageni wa aina moja. Mgeni huyu amesomea muziki London, Berlin au Boston. Nota anazisoma bila kubabaika, na dramu kapiga kwenye bendi tangu ujana wake. Anafika kijijini, anakaribishwa, anapewa kigoda na ngoma ndogo kuliko zote. Wanaanza. Haupiti muda, watoto waliokaa pembeni wanaangua kicheko: mtu mzima ameshindwa kupiga mapigo mawili.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba muziki wa huko ni mgumu kupita kiasi, una midundo mingi inayogombana, na Mwafrika amezaliwa nao damuni. Maelezo haya yanamfurahisha kila mtu. Mgeni anajiona amezama kwenye kina kirefu, mwenyeji anajiona amesifiwa. Ila hayaelezi chochote. Ugumu upo kweli, lakini haupo pale mgeni anapoutafuta.

Tuchukue ngoma moja tu, Agbadza. Ni ngoma ya Waewe ambayo utaikuta msibani, kwenye sikukuu, na siku yoyote watu wakitaka kukutana. Mwongozo wake unatoka kwenye gankogui, kengele pacha ya chuma inayopigwa kwa kijiti. Mpigaji wa kengele hafanyi mbwembwe. Anarudia kitu kilekile mwanzo hadi mwisho, hata kama ngoma itakwenda kwa muda wa saa nne. Ukikihesabu, kina nafasi kumi na mbili, na ndani yake kengele inalia mara saba:

ti – ti – ti ti – ti – ti – ti

Kila kistari ni nafasi iliyoachwa tupu. Kwa hiyo kengele inalia kwenye nafasi ya 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12, kisha inarudi mwanzo bila kupumua.

Mwanamuziki aliyelelewa na muziki wa Ulaya anasikia nini hapo? Mapigo matatu ya kwanza yamepangwa sawasawa: ti, ti, ti. Sikio lake linasema, vizuri, huu ndio mwendo, na mguu wake unaanza kugonga kila baada ya nafasi mbili. Ghafla pigo la nne linakuja mapema kuliko alivyotegemea, na kuanzia hapo mapigo yote yaliyobaki yanaangukia katikati ya hatua zake. Nusu ya kwanza imempa raha, nusu ya pili imemtupa nje. Anajaribu kurekebisha, anahesabu, na kadiri anavyohesabu ndivyo anavyozidi kuzama.

Sasa watazame wanaocheza. Miguu yao inakanyaga kwenye nafasi ya 1, 4, 7 na 10, hatua nne zilizolingana kabisa, kila moja ikibeba nafasi tatu. Linganisha na kengele. Katika hatua nne hizo, ni mbili tu zinazokutana na mlio wa kengele, ya kwanza na ya mwisho. Hatua ya pili na ya tatu zinakanyaga pale kengele iliponyamaza. Hakuna chombo kinachotangaza mguu unashuka wapi. Mguu wenyewe ndio unaojua, na kila aliyekulia pale anao.

Ngoma ndogo aliyopewa mgeni, kaganu, ni mtego wa pili. Kazi yake ni kupiga mara mbili katika kila hatua, lakini inapiga baada ya mguu kushuka: nafasi ya 2 na 3, ya 5 na 6, ya 8 na 9, ya 11 na 12. Haigusi hatua hata mara moja. Mgeni asiyecheza atalichukua pigo la kwanza la kaganu kuwa ndiyo hatua. Akifanya hivyo, muziki wote umesogea pembeni kichwani mwake, na anaweza kupiga hivyo usiku kucha akidhani yuko sawa, maana mikono yake kwa kweli inafanya jambo karibu na lile linalotakiwa. Wenyeji wanaliona kosa kwenye mabega yake kabla hawajalisikia. Aliyewahi kutwanga kwenye kinu kimoja na wenzake wawili, kila mmoja na mchi wake, anaujua mpango huu mwilini: unashusha wako pale wenzako wanapoinua, na hakuna anayehesabu.

Hapo ndipo wasomi walipochanganyikiwa kwa miongo mingi. A. M. Jones, mmisionari Mwingereza aliyeishi Zambia ilipokuwa Rhodesia ya Kaskazini, alifanya kazi London na mpiga ngoma Mwewe aitwaye Desmond Tay. Alitengeneza mtambo wa kuchora mapigo kwenye karatasi, na mwaka 1959 akatoa kitabu kikubwa ambamo kila chombo kimeandikiwa mistari yake ya kugawia muda, kana kwamba kila mpigaji anaishi kwenye saa yake mwenyewe. Kazi ile ilikuwa ya heshima, na watu wengi wa Magharibi waliingia Afrika kupitia mlango huo. Lakini Kofi Agawu, mwanamuziki na msomi wa Ghana ambaye Kiewe ni lugha yake ya nyumbani, alikuja kulipinga jambo hilo waziwazi katika miaka ya 1990. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba saa ni moja, na iko miguuni. Ukiwaondoa wachezaji kwenye hesabu, unabaki na fumbo ambalo mwenyeji hajawahi kuliona. Agawu pia hana ugomvi na nota. Huziandika mwenyewe, na huwacheka wale wanaodhani muziki wa Afrika ni kitu cha ajabu kisichoandikika.

Kwa hiyo ushauri ambao walimu wengi wa huko hutoa ni wa kawaida mno kiasi kwamba mgeni huuona ni wa kumchelewesha: kwanza cheza, kisha imba, kisha shika kibuyu chenye wavu wa shanga, axatse, kisha kengele, na ngoma iwe ya mwisho. Mgeni amelipa nauli ya ndege kuja kupiga ngoma, anaambiwa aimbe. Naelewa kwa nini baadhi yao hununa. Profesa J. H. Kwabena Nketia, baba wa elimu ya muziki wa Ghana, ameeleza jinsi Waakan walivyokuwa wakifundisha: bwana ngoma anamgongea mwanafunzi mdundo begani na mgongoni, mwili uuzoee kabla mkono haujashika fimbo. Katika hayo yote hakuna daftari wala simu ya kurekodia.

Mtu anayetajwa zaidi katika habari hizi ni Steve Reich, mtunzi wa Marekani. Mwaka 1970 alikwenda Legon, Chuo Kikuu cha Ghana, akajifunza ngoma za Kiewe kwa Gideon Alorwoyie, bwana ngoma kutoka Anlo, upande mmoja wa nchi ya Waewe. Alikaa wiki chache tu, malaria ikamwangusha, akarudi New York. Mwaka uliofuata alimaliza kazi yake ndefu ya ngoma, marimba na sauti ambayo leo hufundishwa vyuoni dunia nzima. Wapo wanaosema aliiba Ghana, na wapo wanaosema hakuchukua kitu. Mimi naona zote mbili ni haraka. Reich alikuwa tayari anatunga kwa vipande vifupi vinavyojirudia kabla hajapanda ndege. Safari ilimpa uhakika kwamba alikuwa na njia. Na alikataa kuiga sauti. Hakubeba kaganu wala gankogui hadi jukwaani. Alichukua bongo, akazipanga sauti zake, akatumia mpango wa kupokezana. Alichoacha nyuma, na hapa ndipo mzani ulipo, ni wachezaji. Muziki wake unasikilizwa na watu waliokaa kwenye viti.

Njia nyingine ilikuwa ya John Miller Chernoff, naye Mmarekani, aliyekaa Ghana miaka na kusoma kwa Ibrahim Abdulai huko Tamale, kaskazini, kwa Wadagomba. Kitabu chake cha 1979 kiliwafikia hata wanamuziki wa roki wa New York. Kwa Wadagomba mgeni anagundua jambo ambalo Agbadza inaweza kumficha: mpiga ngoma ni mtunza historia. Hao lunsi, wapigaji wa ngoma ya kubana kwapani, wanabeba nasaba za machifu tangu mababu, na huzisimulia usiku mzima kwenye uwanja wa chifu. Mpigaji akikosea jina, hajakosea muziki. Amekosea ukoo wa mtu, na wenye ukoo wapo wanasikiliza.

Inawezekanaje ngoma itaje majina? Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili hili halieleweki kirahisi, kwa kuwa lugha yetu haina toni. Chukua mfano wa Kiyoruba, lugha ya Nigeria. Kinazo tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha usafiri. Irabu na konsonanti ni zilezile, kinachotofautiana ni kupanda na kushuka kwa sauti. Ngoma ya kubana inapandisha na kushusha sauti kwa kukaza kamba, kwa hiyo inaweza kufuata toni za maneno. Bila shaka toni peke yake inaacha utata, maneno mengi yana umbo moja. Ndiyo maana wapigaji hawasemi neno mojamoja. Wanatumia methali, majina ya sifa na mafungu marefu ambayo wasikilizaji wanayajua tangu utotoni. Mgeni anasikia solo kali ya ngoma na kupiga makofi. Jirani yake ameinuka kwenda kutoa pesa, kwa sababu ngoma imemwita kwa jina la babu yake.

Ukienda magharibi zaidi, Mali, Guinea, Gambia na Senegal, mambo yanageuka tena. Kwa Wamande, kuna familia za jeli: Kouyaté, Diabaté, Sissoko na nyinginezo. Ukizaliwa humo, kora yenye nyuzi 21, ngoni, balafoni na simulizi za wafalme ni urithi wako na kazi yako. Mzungu anaweza kujifunza kora kwa Diabaté miaka ishirini, akapiga vizuri, akapendwa, na bado asiwe jeli. Wengi huliona hili kuwa ubaguzi dhidi ya wageni. Si kweli. Salif Keita, Mmali wa ukoo wa kifalme wa Keita, alipoamua kuimba alikwaruzana na familia yake mwenyewe, maana mtu wa tabaka lake husifiwa kwa nyimbo, haimbi. Ali Farka Touré naye hakutoka kwenye familia ya wanamuziki. Mpaka huu uliwazuia wenyeji kabla haujamzuia mtu wa Paris.

Ngoma ya djembe, kinyume chake, haikufungwa ndani ya familia za jeli, na huenda hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya isafiri kirahisi namna ile. Sababu nyingine ni ya kisiasa. Mwaka 1952 Keïta Fodéba wa Guinea alianzisha Paris kundi la Les Ballets Africains. Nchi yake ilipopata uhuru 1958 chini ya Sékou Touré, kundi likawa la taifa. Vijana hodari wa vijijini walikusanywa, ngoma za makabila mbalimbali zikakatwa na kushonwa upya kwa ajili ya jukwaa: mwanzo wenye kishindo, vituo vya pamoja, solo, mwisho. Ngoma iliyochezwa kijijini hadi alfajiri ikakaa ndani ya dakika chache. Sékou Touré alipofariki 1984 mambo yakalegea, na wapigaji wakatawanyika Ulaya. Mamady Keïta, mmoja wa magwiji hao, alifungua shule Brussels, na wanafunzi wake wakafungua matawi nchi nyingi.

Kwa hiyo mgeni anayetua Conakry, mji mkuu wa Guinea, kutafuta "mila halisi" mara nyingi anafundishwa sanaa ya jukwaa iliyotungwa na watu wenye majina, kwa sababu za siasa zinazojulikana, ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai. Sioni ubaya wowote hapo. Ni sanaa kubwa. Ubaya ni kuirudisha nyumbani na kuiuza kama siri ya mababu. Na kuna desturi moja ya warsha za djembe inayonichekesha kidogo: watu hukusanya midundo kwa majina, arobaini, hamsini, wakati mpigaji wa harusi za Bamako, Mali, anaweza kuishi na michache tu maisha yake yote na kila jioni akaipiga tofauti kumfuata mwanamke aliyeingia kati kucheza.

Bamako hiyohiyo imetoa somo lingine. Rainer Polak, Mjerumani aliyepiga djembe kwenye harusi za mitaani huko, alipima rekodi kwa kompyuta na kuonyesha kwamba vipande vilivyo ndani ya pigo moja la mguu havilingani urefu. Kimoja ni kifupi, kingine kirefu, na uwiano huo unashikiliwa na wapigaji wote kwa pamoja. Mwanafunzi wa Ulaya aliyefunzwa kwa metronomu, kifaa kinachogonga mwendo sawasawa, anavinyoosha vyote viwe sawa bila kujijua. Nota zake ni sahihi, muziki umekufa.

Si kila kitu, hata hivyo, ni kigeni kwa mgeni. Mpiga banjo wa Marekani Béla Fleck alizunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali mwaka 2005 akitafuta mizizi ya chombo chake. Filamu ya safari ile ilipewa jina lililotokana na Bagamoyo, na Anania Ngoliga wa Tanzania ni miongoni mwa waliopiga naye. Gambia ndiko alikokutana na akonting ya Wajola: kibuyu, ngozi, mpini wa mti, nyuzi tatu, mmoja wao mfupi unaodakwa na kidole gumba baada ya ukucha kushuka juu ya uzi mrefu. Mtu yeyote anayepiga banjo kwa mtindo wa zamani wa kusini mwa Marekani anaujua mkono huo. Daniel Laemouahuma Jatta, Mgambia, ndiye aliyewaonyesha wataalamu jambo hili kwa uvumilivu mwingi. Banjo ina mababu kadhaa na akonting ni mmoja wao, lakini inatosha kubadilisha swali. Watumwa walivuka Atlantiki na ujuzi wao. Mjukuu wa waliowanunua, au wa majirani zao, ndiye sasa anayekuja kuuliza.

Na swali hilo lina bei. Mwaka 1971 mpiga dramu Ginger Baker aliendesha gari kuvuka Sahara hadi Lagos, akarekodi na Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, akajenga studio. Miaka miwili baadaye Paul McCartney, aliyekuwa wa Beatles, alikuja Lagos kurekodi kwenye studio ya EMI, Apapa. Akaibiwa njiani, tepu za majaribio zikaondoka, na juu ya hayo Fela akamshutumu hadharani kuwa amekuja kuiba muziki wa mtu mweusi. McCartney alimwalika asikilize alichorekodi. Fela alisikiliza, akaona hakuna cha Kiafrika mle ndani, yakaisha. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, lakini Fela hakuwa akiota. Alijua nani ana kampuni, nani ana mwanasheria, na jina la nani litaandikwa nyuma ya santuri.

Ghana walijaribu kulitatua kwa sheria. Mwaka 1990 Paul Simon alitumia kwenye albamu yake melodia ya Yaa Amponsah, wimbo wa hailaifu, muziki wa dansi wa Ghana, ambao bendi ya Kumasi Trio iliurekodi London mwaka 1928. Sheria ya hakimiliki ya 1985 ilikwisha kuziweka kazi za jadi mikononi mwa serikali, kwa hiyo mazungumzo yakawa kati ya Simon na dola, na akalipa. Sheria ya 2005 ikazikabidhi haki hizo kwa rais kwa niaba ya wananchi. Ndipo wanamuziki wa Ghana wenyewe walipolalamika, kwa kuwa kwa sheria hiyo hata Mghana anayetaka kutumia wimbo wa bibi yake kibiashara anatakiwa aombe kibali. John Collins, Mwingereza aliyeishi Ghana utotoni na kurudi huko mwishoni mwa miaka ya 1960, akapiga gitaa na bendi za hailaifu, akajenga studio na baadaye kufundisha Legon, alikuwa miongoni mwa waliopinga kwa sauti kubwa.

Chini ya sheria kuna utaratibu wa zamani ambao mgeni anauona kama gharama za pembeni: chupa ya pombe kali ya kutambikia kabla somo halijaanza, noti zinazobandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji. Msomaji aliyewahi kumtunza mwimbaji wa taarabu hahitaji kuelezwa la pili. (Nigeria, kwa taarifa yako, sheria ya Benki Kuu ya 2007 imeliharamisha kwa kuwa linachakaza noti. Harusi zinaendelea.) Malipo haya ni sehemu ya mchezo wenyewe: anayepewa anajua nani kampa, na atamtaja. Ada ya semina iliyolipwa kwa benki haimtaji mtu.

Leo safari inakwenda pande zote mbili. Alorwoyie amefundisha miaka mingi chuo kikuu huko Texas, Abraham Adzenyah alifundisha Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani, tangu 1969 hadi 2016, na C. K. Ladzekpo amekuwa California tangu miaka ya 1970. Kijana wa Marekani anaweza kuijua kengele ya Agbadza kabla hajaona pasi ya kusafiria. Kinachopotea njiani mara nyingi ni nyimbo, maana ngoma zinafundishika haraka kuliko lugha. Na nyimbo ndizo zenye wenyewe. Waanlo wana watunzi wanaojulikana kwa majina, henowo, na mmoja wao, Vinoko Akpalu, aliyefariki 1974, nyimbo zake za maombolezo bado zinaimbwa misibani na watu humtaja ndani ya wimbo. Studio ya Ulaya inaporekodi wimbo wa namna hiyo na kuandika kwenye jalada "wimbo wa jadi", imefuta jina ambalo mama yeyote pale Keta angelitaja kama angeulizwa.